Uliza Mwalimu: Benki zilifungwa, nguruwe wakachinjwa, dhahabu ya Chunya ikapanda bei

Toleo lililopita niligusia kidogo tu anguko la uchumi la Marekani la mwaka 1929, basi meseji zimekuja mpaka simu ikajaa, Mafinga, Makambako, Tukuyu, Vwawa, Chunya huko, na maswali yenyewe ni mazuri kuliko nilivyotegemea. Nimechagua haya. Miaka yote niliyofundisha historia sekondari kipindi hiki cha 1929 hadi 1941 ndo nilikuwa nakipenda kuliko vyote na ndo kilikuwa kinaniumiza, manake wanafunzi walikuwa wanakariri sababu sita na matokeo sita halafu basi, watu wenyewe hawawaoni. Leo tuwaone.

Shikamoo Mwalimu. Nina duka la pembejeo Mwanjelwa. Naomba unieleweshe, hivi nchi tajiri kama Marekani benki zake zinafilisikaje? Pesa si zipo ndani? Na hilo soko la hisa la New York linamhusu nini mtu wa kijijini aliyeweka akiba yake?

Marahaba mama. Nianze hapa hapa mtaani kwetu. Kama miaka kumi imepita tulikuwa na kikoba cha akina mama thelathini na kitu, kinaenda vizuri, kila Jumamosi tunakaa, tunahesabu, tunakopeshana. Siku moja ikazuka tetesi kwamba mtunza hazina anauza kiwanja anahamia Dodoma. Jumamosi iliyofuata hakuna aliyekuja kukopa, wote tumekuja kudai chetu, na tunakitaka siku hiyo hiyo. Sasa kwenye sanduku kulikuwa na hela ya kutosha watu wanne. Nyingine zote zilikuwa kwenye mbolea iliyoko shambani Uyole, kwenye ada za watoto, kwenye mchele wa mtu ambao haujauzwa. Yule mama hakuiba hata shilingi na wala hakuhama, mpaka leo yupo, lakini kikoba kilikufa mwezi ule ule na mimi hela yangu niliipata nusu baada ya mwaka na zaidi.

Benki ni hivyo hivyo mama, ukubwa tu ndo tofauti. Hela unayoweka haikai pale ikikusubiri, inakopeshwa. Siku ya kawaida wachache wanatoa, wengi wanaweka, mambo yanaenda. Wakija wote siku moja hakuna benki duniani inayoweza, hata kama wenyewe ni waaminifu kabisa.

Sasa hisa zinaingiaje. Miaka ya 1920 Wamarekani walikuwa wananunua hisa kwa mkopo, unatoa asilimia 10 ya bei mfukoni, iliyobaki dalali anakukopesha. Kwa hiyo mwenye dola 100 alikuwa anashika hisa za dola 1,000, zikipanda anatajirika chapchap, ila zikishuka asilimia 10 tu ile mia yake imeisha yote na dalali anapiga simu anataka hela nyingine au auze. Oktoba 1929 zikaanza kushuka, Alhamisi ya tarehe 24 watu wakashtuka, halafu Jumanne tarehe 29 zikauzwa hisa kama milioni 16 kwa siku moja, kila mtu anauza na mnunuzi hakuna. Na haikuishia hapo, watu wanafikiri ilikuwa siku moja tu. Kile kipimo cha bei za hisa cha Dow Jones kilikuwa 381 Septemba 1929, kikaenda kinashuka mpaka Julai 1932 kikagota 41. Yaani aliyekuwa na mia akabaki na kumi na moja.

Lakini Wamarekani wengi hawakuwa na hisa hata moja, na hapa ndo swali lako lilipo. Benki zilikuwa zimekopesha wanunuzi wa hisa na zimekopesha wakulima, wote wakawa hawana cha kulipa. Benki za Marekani wakati ule nyingi zilikuwa vijibenki vya mji mmoja, tawi moja, wateja wote wanalima mazao yale yale, bei ya ngano ikianguka benki nayo inaanguka. Desemba 1930 New York ikafungwa benki moja iliyokuwa na wateja kama laki nne, jina lake Bank of United States, ilikuwa ya watu binafsi tu ila kwa jina lile mtu wa mbali alisikia kama benki ya serikali imekufa. Hofu ikasambaa. Benki kuu yao ilikuwa na uwezo wa kuziingizia benki fedha, ikakaa inaangalia. Kati ya 1930 na 1933 zilifungwa benki kama 9,000, na bima ya amana hakukuwa, ikifungwa ndo basi, miaka ishirini ya akiba ya mtu imekwenda na hakuna pa kulalamika.

Rais mpya Franklin Roosevelt aliapishwa tarehe 4 Machi 1933 na siku hiyo karibu majimbo yote yalikuwa yameshafunga benki zake au yameweka mipaka ya kutoa hela. Ndo siku aliyosema kitu pekee cha kuogopa ni hofu yenyewe. Akafunga benki zote za nchi, wakaguzi wakapita kuangalia ipi nzima ipi mgonjwa, halafu Jumapili usiku tarehe 12 akakaa mbele ya redio. Hotuba ile nimeisoma mara nyingi sana mama, na kila mara naona ni ya mtu anayeheshimu watu wake. Akawaeleza kama nilivyokueleza hapa, ukiweka hela benki inakwenda wapi, kwa nini haiwezi kutoka yote kwa mpigo, ipi itafunguliwa kesho ipi itachelewa, na akawaambia ni salama zaidi kuweka hela kwenye benki iliyofunguliwa kuliko chini ya godoro. Jumatatu foleni zikarudi kwenye benki, ila safari hii watu wameshika mabunda wanakuja kuweka. Mimi naamini hiyo ni moja ya kazi kubwa zaidi kuwahi kufanywa na redio.

Halafu ikaja sheria ya bima ya amana, kuanzia Januari 1934 benki ikifa mteja analipwa mpaka dola 2,500. Na sisi tunayo Bodi ya Bima ya Amana, ukienda benki yako waulize wakueleze inalinda kiasi gani, ni haki yako kujua.

Mwalimu habari za kazi. Nalima nyanya Ilula. Msimu uliopita tenga lilishuka bei mpaka tukawa tunamwaga kando ya barabara. Jamaa mmoja akaniambia Marekani serikali iliwalipa wakulima WASILIME, na nguruwe wakachinjwa wakatupwa huku watu wana njaa. Ni kweli au stori za kijiweni?

Pole sana ndugu yangu, nimepita Ilula nikayaona yale matenga, inauma. Na ndiyo, ni kweli kabisa.

Wakati wa Vita ya Kwanza mashamba ya Ulaya yalikuwa uwanja wa mapigano kwa hiyo mkulima wa Marekani aliuza ngano kwa bei ya juu, akakopa akanunua matrekta na ardhi. Vita ikaisha, Ulaya ikaanza kulima tena, bei ikaanguka tangu 1920 na mkopo ukabaki pale pale. Kwa hiyo mkulima alianza kuumia miaka karibu kumi kabla ya watu wa hisa. Ikifika 1932 busheli ya ngano, yaani kama kilo 27, iliyokuwa inauzwa kama dola moja 1929 ikawa chini ya senti 40. Kuna watu walikuwa wanachoma mahindi jikoni kama kuni kwa sababu yalikuwa rahisi kuliko makaa ya mawe, wengine Iowa na Wisconsin wanasimamisha malori ya maziwa wanayamwaga barabarani ili bei ipande, na wakati huo huo Chicago na New York watu wamepanga mstari kusubiri supu na mkate wa bure.

Utauliza, si wangewapelekea tu? Nani alipe usafiri, na aliyepanga foleni hana senti ya kununua. Chakula kilikuwepo, kilichokosekana ni hela ya mnunuzi. Halafu kuna ule mtego ambao wewe unaujua, bei ikishuka kila mkulima anasema mwakani nilime zaidi ili nifikishe deni lile lile, wakifanya hivyo wote bei inashuka mara mbili. Hakuna aliyekosea peke yake.

Basi Mei 1933 ikapita sheria ya kumlipa mkulima apunguze eneo, fedha zinatoka kwenye kodi ya wenye vinu na viwanda vya kusindika. Tatizo ni mwezi, Mei pamba imeshapandwa na nguruwe wameshazaa. Waziri wa kilimo Henry Wallace akaamua kupunguza kilichokuwepo tayari, zikang'olewa kama ekari milioni 10 za pamba, wakachinjwa nguruwe wadogo kama milioni 6. Sehemu ya nyama ilitiwa chumvi ikagawiwa kwa wenye njaa lakini wengi walikuwa wadogo mno wakaishia kuwa mbolea na mafuta ya viwandani. Nchi nzima ilikasirika, na mimi siwezi kuwalaumu waliokasirika. Kufika Oktoba serikali ikaunda shirika la kununua ziada na kuwapa maskini, kitu ambacho kwa maoni yangu kilitakiwa kutangulia.

Bei zilipanda, hilo nalo lisemwe, mkulima mwenye shamba lake alipumua. Ila kule kusini kwenye pamba wengi walikuwa wanalima shamba la mtu kwa kugawana mavuno, weusi na weupe, na hundi ya serikali ilikwenda kwa mwenye ardhi. Ukilipwa ili usilime robo ya shamba, wale waliokuwa wanalima robo hiyo unawafukuza, na walifukuzwa maelfu kwa maelfu. Mwaka 1934 Arkansas, wapangaji weusi na weupe wakaunda chama kimoja cha kudai mgao wao, kukaa chumba kimoja tu ilikuwa hatari ya maisha wakati ule, wakapigwa na kutishwa na wengine kufukuzwa nyumba usiku. Sheria yenyewe mahakama kuu yao iliitupa Januari 1936, ikabidi itungwe nyingine 1938.

Kitu kimoja nikuongezee kwa kuwa wewe ni mkulima. Benki ilipokuja kupiga mnada shamba la mtu, majirani walikuwa wanakuja wengi wanasimama kimya, ng'ombe anatajiwa senti tano, plau senti kumi, na mgeni akitaka kupandisha dau anaangaliwa mpaka anaacha. Wakimaliza kununua kila kitu kwa senti wanamrudishia mwenyewe. Iliitwa minada ya senti. Hiyo ilifanywa na watu wa kawaida kabisa, wabunge hawakuwepo.

Hodi Mwalimu. Mimi mchimbaji mdogo, Makongolosi. Babu alikuwa anasema Lupa ilijaa watu kwa sababu huko kwa Wazungu uchumi ulianguka. Mbona mie nadhani uchumi ukianguka na dhahabu inaanguka?

Karibu ndani. Babu yako alijua alichokuwa anasema, na swali hili limenifurahisha sana kwa kuwa historia ya Chunya haiandikwi inavyostahili.

Mambo mengine yote yalishuka bei, mkonge, kahawa, pamba. Dhahabu haikushuka, na sababu ni kwamba pesa za nchi kubwa zilikuwa zimefungwa kwenye dhahabu, paundi moja ni kiasi fulani cha dhahabu, dola moja hivyo hivyo. Septemba 1931 Uingereza ikashindwa, ikaifungua paundi kutoka kwenye dhahabu, na shilingi ya Tanganyika ilikuwa inakwenda na paundi. Wakia moja ya dhahabu, kama gramu 31, iliyokuwa kama shilingi 85 ikaanza kupanda, mwaka 1935 ilikuwa kama shilingi 140. Yaani mtu anachimba mchanga ule ule wa mto ule ule, anapata zaidi ya nusu juu ya bei ya zamani, wakati mwenzake aliyekwenda Tanga kukata mkonge anapunguziwa mshahara au anaambiwa kazi hakuna. Wewe ungekwenda wapi? Vijana wa Rungwe walikwenda Lupa kwa miguu, na Wazungu walioshindwa na mashamba ya kahawa nao wakabeba karai.

Roosevelt naye aliisukuma. Aprili 1933 aliwaamuru Wamarekani warudishe dhahabu zao serikalini kwa dola 20.67 kwa wakia, halafu Januari 31, 1934 bei ikawekwa dola 35. Lengo ni dola ipungue thamani ili bei za mazao zipande. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 1933, alikuwa anapanga bei kila asubuhi akiwa bado kitandani na Henry Morgenthau, aliyekuja kuwa waziri wake wa hazina, yupo pembeni, na Morgenthau aliandika kwenye shajara yake kwamba siku moja rais alipandisha senti 21 kwa sababu ni saba mara tatu, namba ya bahati. Mtu amelala Washington anachagua namba, na kijana wa Rungwe yuko kwenye maji ya mto Lupa mpaka magotini. Hayo mambo mawili yalikuwa yanakwenda pamoja na hawakujuana kabisa.

Nipo Ismani, Iringa. Mwalimu nimesikia kuna mwaka Marekani mchana uligeuka usiku kwa vumbi. Ni mvua ilikosekana tu?

Mvua ilikosekana kweli, tangu 1931, lakini ukame ulikuwepo na zamani na vumbi la namna ile halikuwepo. Nyanda zile za Oklahoma, Kansas, kaskazini mwa Texas na mashariki mwa Colorado zilikuwa na majani yenye mizizi mirefu yanayoshika udongo, wakaja na matrekta wakayageuza yote wapate ngano. Ukame ulipokuja hakuna kinachoshika, upepo ukaubeba. Kubwa lao lilikuwa Jumapili ya Aprili 14, 1935, wingu jeusi kama ukuta, mtu haoni mkono wake. Watu walikufa kwa vifua, ng'ombe wakafa matumbo yamejaa mchanga, na miaka ile ya 1930 watu kama milioni mbili na nusu waliondoka majimbo ya nyanda zile, baadhi yao wakaelekea California ambako wengine walizuiwa na polisi mpakani.

Siku chache baada ya Jumapili ile ikapita sheria ya kuhifadhi udongo, kiongozi wake Hugh Bennett, wakafundishwa kulima kwa kukinga mteremko na kupanda miti ya kuzuia upepo, zaidi ya miti milioni 200. Wewe wa Ismani huhitaji niongeze neno, wazee wako waliona mahindi ya matrekta yalivyostawi na udongo ulivyochoka baadaye. Na Wamatengo kule Mbinga walikuwa wanalima ngoro, vile vishimo vya kushika maji na udongo, kwenye miteremko mikali kabla hajazaliwa Bennett.

Shikamoo madam! Ulinifundisha Form Three, sasa nafundisha mwenyewe Tukuyu. Kitabu kinasema Roosevelt aliokoa uchumi, mtandaoni wanasema hapana ni vita ndo iliyookoa. Niwaambie nini watoto?

Marahaba mwanangu, nimefurahi mpaka machozi. Waambie namba kwanza halafu wabishane wenyewe. Mwaka 1933 katika kila watu wanne wanaotafuta kazi mmoja hakuwa nayo, kama watu milioni 13. Kufika 1937 walikuwa wamepungua karibu nusu, Roosevelt akaona mgonjwa amepona akakata matumizi na ile kodi mpya ya pensheni ikaanza kukatwa, na mwaka uliofuata ukosefu wa kazi ukaruka tena mpaka kama asilimia 19. Mwaka 1940, baada ya miaka saba ya New Deal, yaani mpango wa Roosevelt wa kufufua uchumi, bado ilikuwa kama asilimia 14 au 15. Mwaka 1944 ilikuwa kama asilimia moja tu. Kwa hiyo kiwanda cha vifaru ndo kilichomaliza ukosefu wa kazi, hilo huwezi kulikataa.

Ila usiwaache hapo. Vijana kama milioni tatu walipita kwenye makambi ya kupanda miti na kujenga barabara za misitu, wanalipwa dola 30 kwa mwezi na 25 zinatumwa moja kwa moja nyumbani kwa mama, wakapanda miti kama bilioni tatu, ukiwa unapita Sao Hill ukaiona ile mipaina fikiria hiyo mara ngapi. Watu milioni nane na nusu walipita kwenye WPA, mradi wa serikali wa kuwapa watu kazi za ujenzi, shule, madaraja, viwanja vya ndege. Mwaka 1935 wakapata sheria ya pensheni ya uzee, na aliyeisukuma zaidi ni Frances Perkins, waziri wa kazi, mwanamke wa kwanza kuwa waziri Marekani, mwambie kila binti wa darasa lako jina hilo. Mfa maji hakuulizi kamba yako ina urefu gani, ile miaka saba watu walikula.

Na waambie nani aliachwa. Ile pensheni iliwaruka wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, na kusini weusi wengi kazi zao ndo hizo. Viwanda vya silaha vilipofunguka 1940 na 1941 weusi wakaambiwa nafasi ni za kufagia tu. A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu wa treni, akasema basi tunakuja Washington kuandamana, watu laki moja. Roosevelt alimwomba aache, akakataa mpaka Juni 25, 1941 ilipotoka amri ya kukataza ubaguzi kwenye viwanda vya ulinzi. Amri haikuja kwa huruma, ililazimishwa.

Mwalimu, nimekulia Ifunda na bibi alitusimulia Wapolandi waliokaa kambini hapa wakati wa vita. Nchi yao ilivamiwa 1939, mbona Marekani ilisubiri mpaka 1941?

Bibi yako ana hazina, mrekodi kwenye simu wiki hii, usichelewe. Wapolandi wale, wengi wanawake na watoto, walikuwa wamepelekwa kwa nguvu Siberia na Asia ya Kati na Wasovieti, wakatoka kupitia Iran, wakaletwa Afrika Mashariki kuanzia 1942, Tengeru, Ifunda, Kidugala kule Njombe. Nchi yao ilivamiwa Septemba 1, 1939 na mtoto wa Ifunda alikutana nao kabla mtoto wa Kansas hajajua Polandi iko wapi.

Kwa nini Marekani ilisubiri. Wamarekani walikuwa wameshapigana Vita ya Kwanza, wakapoteza watu zaidi ya laki moja, na miaka ya 1930 kamati ya seneta Gerald Nye ikawachunguza wenye viwanda vya silaha na mabenki, watu wakaamini walipelekwa kufa ili matajiri wapate faida. Wakatunga sheria za kutoegemea upande, 1935, 1936, 1937, usiuze silaha kwa anayepigana, usimkopeshe. Na mtu asiye na kazi miaka mitano umwambie habari za Ulaya? Mimi nawaelewa. Ila sheria zile hazikutofautisha mvamizi na aliyevamiwa, wakati Italia inaishambulia Ethiopia 1935 wote wawili wakanyimwa silaha, sasa Italia ilikuwa na viwanda vyake na Ethiopia haikuwa navyo. Hilo kama Mwafrika linanichoma mpaka leo.

Ufaransa ilipoanguka Juni 1940 ndo wakaanza kuamka kweli. Septemba wakaanzisha kuandikisha vijana jeshini, mara yao ya kwanza kufanya hivyo wakati wa amani, na wakaipa Uingereza manowari kuukuu 50 kwa kubadilishana na vituo vya kijeshi. Desemba, Uingereza haina tena keshi ya kununulia, Roosevelt akawaambia waandishi, nyumba ya jirani yako ikiwaka moto na wewe una mpira wa maji wa bustani, humwambii kwanza nilipe dola 15, unampa azime, moto ukizimika atakurudishia. Machi 1941 ikawa sheria ya kukopesha na kuazima silaha, kabla vita haijaisha ilikuwa imetoa vitu vya thamani ya dola kama bilioni 50 kwa nchi zaidi ya 30. Kwa hiyo kiuchumi waliingia kabla ya kuingia. Baharini pia, Oktoba 31, 1941 nyambizi ya Ujerumani ikazamisha meli yao ya kivita Reuben James na bado bunge halikutangaza vita.

Mlango ukafunguka upande ambao wengi hawakuuangalia. Japan ilikuwa inapigana China tangu 1937, Julai 1941 ikaingia kusini mwa Indochina, yaani Vietnam ya leo na jirani zake, Marekani ikazuia mali zake na kukata mafuta, na Japan ilikuwa inategemea Marekani kwa mafuta yake mengi sana, kama asilimia 80. Mjapani alikuwa na njia mbili, aondoke China au akachukue mafuta ya visiwa vya Waholanzi, Indonesia ya leo, na akitaka kuyachukua lazima kwanza azipige meli za kivita za Marekani zilizoko Hawaii. Jumapili ya Desemba 7, 1941, kabla ya saa mbili asubuhi, ndege 353 kutoka meli sita zikaja kwa mawimbi mawili juu ya bandari ya Pearl Harbor huko Hawaii. Walikufa Wamarekani 2,403, kati yao 1,177 kwenye meli moja tu, Arizona. Meli zao zinazobeba ndege hazikuwepo bandarini siku ile, na matangi ya mafuta hayakuguswa, mambo hayo mawili yaliamua mengi baadaye.

Kesho yake wakatangaza vita na Japan, na Desemba 11 Ujerumani na Italia zenyewe zikaitangazia Marekani. Huku kwetu nako iligusa haraka, Japan ilipoteka Ufilipino na Java kamba za huko zikakosekana, mkonge wa Tanganyika ukawa unatafutwa kwa udi na uvumba na watu wakalazimishwa kwenda kuukata, na pareto ambayo Japan ndo ilikuwa muuzaji mkubwa miaka ya 1930 ikawa ya Afrika Mashariki, maana askari bila dawa ya chawa na mbu hapigani.

Kuna mtu mmoja alikataa vita bungeni, ni nani? Wa Njombe.

Jeannette Rankin, wa jimbo la Montana, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bunge la Marekani. Alishapiga kura ya hapana mwaka 1917 kwenye Vita ya Kwanza akiwa na wenzake arobaini na tisa wa bunge la wawakilishi, safari hii Desemba 8, 1941 alikuwa peke yake, seneti 82 kwa sifuri na wawakilishi 388 kwa moja. Akasema yeye kama mwanamke haendi vitani na anakataa kumpeleka mwingine yeyote. Wakamzomea, akakimbilia kwenye kibanda cha simu akajifungia mpaka polisi walipokuja kumsindikiza ofisini. Siku tatu baadaye ilipoletwa kura ya Ujerumani na Italia alifika bungeni, jina lake likaitwa, akajibu tu kwamba yupo.